Madabodi ya Video ya Joan

Mama yake Ildefonsa alivunjika nyonga wiki moja kabla ya harusi ya kitinda mimba wake, Joan, akabaki kitandani kijijini Ntobeye. Harusi ilipopita bila yeye, swali lake lilikuwa moja tu: "Video iko wapi?"

Ildefonsa ndiye aliyeipiga, lakini kompyuta yake iliganda kila alipoanza kuihariri. Akaamua kuunda nyingine yenye nguvu. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, alishapewa na kaka yake. Ilibaki madabodi, ule ubao wa kuunganishia vifaa vyote, akaifuata Biharamulo kwa fundi Audax.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hii yenye taa, ndiyo wanayoigombania."

Iling'aa kweli. Ildefonsa alikuwa keshaikubali, lakini moyo ukasita, akafungua mkoba. "Tuijaribu kwanza na prosesa yangu."

Mzee Audax akavaa miwani, akailinganisha na soketi, tundu lake kwenye ubao. Wapi! Haikukaa. Akatoa nyingine isiyo na urembo wowote, yenye nafasi nne za ramu, kumbukumbu ya kompyuta. Prosesa ikatulia mahali pake bila kusukumwa.

"Umeniokoa na aibu," mzee akacheka, akaanza kufunga vifaa vingine.

Walipoiwasha na kufungua video, Joan aliingia kanisani, akapita mpaka altareni, picha isigande hata mara moja. Ildefonsa akalipa, akaenda kuihariri.

Jumapili, kule Ntobeye, mama akiwa ameegemea mito, alimtazama Joan akicheza kwenye video.

"Kumbe alipendeza hivi!" akasema. "Hebu rudisha pale alipoingia."