Tatu ya Verlyn Tollefson

Verlyn Tollefson aliingia kliniki ya maumivu akitembea upande-upande kama kaa, mkono kiunoni, na bado akawashikia mlango wote waliokuwa nyuma yake. Ndiyo Minnesota hiyo, kule Marekani: adabu kwanza, maumivu baadaye. Mkewe, Ardis, alitaka kitu kimoja tu: mume arudi kitandani. Tangu mavuno ya mahindi alikuwa analala sakafuni jikoni, maana kila akijigeuza kwenye godoro kiuno kinawaka moto.

"Mzee, maumivu ni ngapi leo, sifuri mpaka kumi?" aliuliza nesi Kendra.

"Aa, tatu. Si mbaya."

"Tatu!" Ardis akaruka. "Leo soksi nimemvisha mimi, machozi yanamtoka!"

"Ardis, mwache dada wa watu afanye kazi."

"Mama, natakiwa niandike anachosema yeye," Kendra alisema.

Daktari akaingiza sindano nyembamba, macho kwenye eksirei, akavitia ganzi kwa majaribio vijishipa vya fahamu vya kiunoni. Maumivu yakikatika, basi ndivyo vyenye makosa. Siku nyingine vitachomwa kwa sindano ya moto, na mtu anapumzika hata mwaka, bila kupasuliwa.

Baada ya muda Verlyn aliinama, akafunga kamba za buti mwenyewe. Akamshika Ardis, akamzungusha pale ukumbini kama wako harusini.

"Acha, watu wanaona!" Ardis alisema, kichwani ameshaanza kutandika shuka.

Kendra akarudi. "Haya mzee, sasa ngapi?"

Ardis akamkanyaga mumewe mguu. Sema sifuri! Lakini mwanaume wa kwao, hata ng'ombe wake akishinda kwenye maonyesho, atakwambia ni ng'ombe tu. Sifuri ingekuwa majivuno.

"Tuseme... mbili."

Kendra akashusha pumzi. "Kutoka tatu mpaka mbili bima hawakubali kulipia hiyo sindano ya moto. Wanataka maumivu yapungue karibu yote. Na hili ndilo jaribio la mwisho wanalolipia."

"Si amefunga buti? Umemwona!"

"Mimi nimemwona, mama. Bima hawajamwona."

"Basi tusiwasumbue," Verlyn akasema, akachukua kofia.

Jioni ganzi iliisha. Ardis akajilaza naye sakafuni, kando ya jiko.

"Niambie mimi basi. Asubuhi ilikuwa ngapi?"

Verlyn akamvutia blanketi.

"Tisa."

Simu ikalia. Jirani yao, Harlan, anauliza mgongo unaendeleaje.

"Si mbaya," Verlyn akajibu, ameikodolea macho dari. "Wa kwako je?"