Tangazo la Mama Halikufika Doldol

Mwanga wa asubuhi ulianzia dirishani kwa mama, juu ya betri nne alizozipanga zipate jua. Betri zilizochoka alizianika kama maharagwe. Zikishapata joto alizirudisha ndani ya redio, akaipiga kofi moja mgongoni, nayo ikakubali kuongea. Hivyo ndivyo nyumba yetu ya Wamagana ilivyoamka, Kinyua, wewe ukiwa kitinda mimba asiyetaka kuoga na mimi dada yako Beth nikijifanya mkubwa.

Alfajiri ilikuwa redio ya Kanisa, na rozari. Saa saba mchana ilikuwa redio ya taifa, na taarifa ya habari kwa Kiswahili ambacho mama alikisikiliza kwa heshima hata pale asipokielewa. Jioni ilikuwa redio ya Kikuyu, na hapo hapakuwa na mzaha, maana jioni walisoma waliofariki. "Nyamazeni kwanza," mama alisema, "wanasoma watu." Tulinyamaza, na mwiko ukanyamaza ndani ya sufuria.

Unajua wanavyosomwa. Jina la marehemu, kisha mume, kisha watoto mmoja mmoja na mahali wanapoishi, kisha ndugu, kisha wajukuu, na mwisho kabisa siku ya mazishi. Kwetu mtu akishasomwa, dunia nzima imeambiwa. Asiyekuja amekataa. Hatumtumi mtu, hatuandiki barua. Tunasoma, tunangoja, tunahesabu nani hayupo.

Redio zetu ni nyingi, ndugu yangu. Mjini Nyeri mshona viatu ana yake, na duka la dawa mlango wa pili lina yake. Askari Ouko, jirani yangu wa ploti, hufuata redio ya kwao kwenye simu, inakatika, inarudi, naye anacheka peke yake upande ule wa ukuta. Walimu wenzangu wanataka ile ya Nairobi inayobishana kuhusu mapenzi kabla watu hawajanywa chai. Binamu zetu wa Kangema wanachuma majani ya chai na mahubiri masikioni. Niliwahi kujivunia jambo hili darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba katika nchi yenye sauti nyingi namna hii hakuna mtu anayeachwa nje. Leo nikikumbuka naona haya.

Mama alifariki mwezi wa nne, mvua ikiwa imeuficha mlima wote. Nilikupigia simu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Nilipiga asubuhi, nikapiga jioni, nikapiga hadi yule mwanamke wa kwenye simu akawa kama mmoja wa waombolezaji. Hukupatikana.

Kamati ya mazishi ilinipa mimi kazi ya matangazo, kwa sababu mimi ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika vizuri, Kinyua. Nilichagua redio tatu, zote kubwa. Ndipo Mutahi, yule jirani anayefanya biashara ya ng'ombe, akasema kwamba Doldol, huko kaskazini unakokaa, kuna redio ndogo ya jamii, inaongea Kimaa, na ukiwapelekea karatasi wanasoma bila shida yoyote. Nikacheka. "Hiyo ya mbuzi?" nikamwambia. "Na nani wetu anaisikiza?"

Kamati nayo ikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimewapa ruhusa. Mutahi akatazama kofia yake mikononi.

Jina lako lilisomwa jioni tatu. Mama wa Beth wa Nyeri, mama wa Kinyua wa Doldol. Walilisikia Karatina, walilisikia Mukurwe-ini, walilisikia Nairobi, hata watu usiowajua walilisikia wakipika ugali. Kila mtu alilisikia isipokuwa mwenyewe.

Tulimzika Alhamisi. Mjomba Wambugu aliwaita watoto watupe udongo. Akaniita mimi, nikatupa. Akakuita wewe, kwa maikrofoni, na watu wote wakageuka kutazama geti. Akakuita tena. Mvua ikanyesha juu ya hema. "Alisomewa siku tatu," mjomba akasema. "Hajakuja, yeye ndio anajua." Watu wakanong'ona. Nami nilinong'ona, Kinyua. Nilikuwa na huzuni, na hasira ilikuwa rahisi kubeba kuliko huzuni.

Ulikuja siku ya kumi na tisa baada ya mazishi. Vumbi la kaskazini lilikufika magotini, na kwapani ulikuwa na shuka nyekundu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mimi ndiye niliyekuwa getini. Kulikuwa na maneno mengi duniani ya kumwambia mtu kama wewe saa kama ile. Nilichagua haya: "Ati sasa ndio unakuja? Mama ako kwa mchanga wiki mbili na zaidi, na si tulitangaza?"

Hivyo ndivyo ulivyojua. Wengine huambiwa kwamba mama yao amekufa, wewe ulikemewa.

Hukulia. Ulinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni pale. "Mlitangaza kwa redio gani?" ukauliza, na nikakutajia zote tatu, kwa kiburi, kwa sauti ya mwalimu. Ukasema, "Hizo hazishiki kule." Basi. Ulikwenda ukaitandika shuka juu ya kaburi, juu ya maua yaliyooza ndani ya nailoni zake, ukanyoosha pembe zake nne, ukaondoka kabla maji ya chai hayajachemka. Nilikufuata hadi barabarani nikikuita, na hukugeuka.

Nilikuja Doldol mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa. Ile redio niliyoicheka ni chumba kimoja, ukutani wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi, na juu ya paa kuna sola. Mtangazaji wake anaitwa Naserian, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko chumba. Nilipotaja jina lako akatabasamu.

"Kinyua wetu? Huyo alikuwa anatuma salamu kila Alhamisi. Salamu kwa mamake, na kwa dadake mwalimu Beth."

Akanifungulia daftari la salamu. Nikaitafuta Alhamisi tuliyomzika. Ilikuwepo. Saa kumi jioni, saa ile ile watu walipokuwa wakinawa mikono kula chakula cha matanga, wewe ulisomwa ukisema: Mama, nakusalimu sana, nakuja mwisho wa mwezi, nakuletea kitu cha kujifunika wakati wa baridi.

Nilimuuliza Naserian kama salamu hizi ziliwahi kufika Wamagana.

"Hapana, mawimbi yanaisha hapo tu kwa milima," akasema. "Tulimwambia. Akasema ni sawa, anajua. Akasema yeye anapenda tu isemwe."

Ulijua, Kinyua. Ulijua salamu hazifiki kwa mama, na ulimsalimu hivyo hivyo kila wiki. Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu niliamini kwamba ukisema kwa sauti kubwa vya kutosha umemwambia kila mtu. Sina la kujitetea. Nimelitafuta na sina.

Tangu siku ile namtumia Naserian ujumbe kila Alhamisi. Ananisomea kwa Kimaa na kwa Kiswahili: Dada yako Beth anaomba msamaha. Dada yako Beth anaomba uje nyumbani. Watu wamekuona sokoni siku ya mnada, redio yako ikiwa mfukoni, inaongea. Wiki iliyopita nilimshika Naserian kwa maswali hadi akachoka kunificha. Akaniambia kwamba ukisikia jina langu unazima redio.

Basi wiki hii nimemwomba asilitaje. Nimemwandikia tangazo la mama, lile lile, kama lilivyopaswa kusomwa mwezi wa nne: Magdaline wa Wamagana, mama wa Kinyua wa Doldol. Jina langu nimeliondoa. Litasomwa saa kumi. Saa hiyo nitakuwa darasani Nyeri, upande huu wa milima, chaki mkononi, na sitajua kama uliliacha lisomwe hadi mwisho.