Tangazo la Kilomita ya Mwisho

Mama Kimutai wa Mau Narok alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akimaliza mbio. Mtauliza imewezekanaje, na kijana anaishi kwa kukimbia, na hata hiyo sebule ya mama imejengwa kwa miguu yake. Basi imewezekana. Mashindano ya kwanza, mama alikuwa amelazwa hospitalini. Yaliyofuata, stima ikapotea. Mwaka jana ng'ombe akaamua kuzaa vibaya saa ile ile, na mama alipotoka zizini mikono imelowa, watu walikuwa tayari wanampa hongera. Kila mara anasimuliwa tu. Alikuwa amechoka kusimuliwa mpaka basi, na safari hii aliapa ataona kwa macho yake mwenyewe.

Marathoni hii ya ng'ambo haikuonyeshwa na stesheni za bure. Ilikuwa kwenye kampuni moja ya mtandaoni, zile za kulipia kila mwezi, na sifa yake kubwa, kama alivyoeleza bintiye Jerop anayesoma chuo kule Njoro, ilikuwa kwamba haina matangazo kabisa. Mama akalipia bila kunung'unika.

Siku yenyewe, baada ya ibada, sebule ilijaa hadi mlangoni. Kiti cha mbele alikikalia Mzee Kibii, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu aliyemfundisha Kimutai kukimbia, na saa yake ya kupimia mbio shingoni. Kando yake alikuwa Wamuyu, jirani, dalali wa viazi, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Waliobaki walisimama na vikombe vya chai mkononi. Na muelewe, huku kwetu hakuna mtazamaji wa mbio. Kila mtu ni kocha, hata yule ambaye hajawahi kukimbia ila siku aliyofukuzwa na fahali.

Mbio zikaanza. Kimutai alikuwa nyuma kidogo ya kundi la mbele, fulana nyekundu, anaonekana vizuri. Wakavuka daraja moja refu. Mama akasogeza kigoda karibu na kioo cha televisheni. Ghafla mbio zikatoweka, akatokea mwanaume mmoja ameinama juu ya karai, anasugua kola ya shati huku anacheka.

"Nani amebonyeza?" Mzee Kibii akafoka.

"Hakuna aliyebonyeza," Jerop alisema. Akachungulia simu yake. "Mama, kumbe wamebadilisha masharti. Walituma ujumbe. Siku hizi wanaweka matangazo, isipokuwa uongeze pesa."

"Niongeze ya nini? Si nililipa?"

"Ulilipia kuangalia."

"Na ninaangalia nini sasa? Shati la mtu!"

Nyumba ikawaka moto. Wamuyu alimtukana yule bwana wa sabuni matusi ambayo siyaandiki hapa, akamwuliza kama hana mke, na kama anaye, mbona kola imekuwa hivyo. Mtu mmoja akashauri watoke kwenye mtandao kisha warudi, huenda tangazo likatoka pia. Jerop akatoka, akarudi. Aliyewapokea ni yule yule na karai lake, tena kuanzia mwanzo. Kumbe huo ndio utaratibu: ukitoka, huingii tena bila kupitia kwake.

Mbio ziliporudi, Kimutai aliyekuwa wa saba alikuwa wa nne.

Watu wakatazamana. Mzee Kibii aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Muda si muda bwana wa sabuni akarudi. Alitukanwa, lakini si kama mwanzo. Alipoondoka, Kimutai alikuwa wa tatu. Kisha kikapita kipande kirefu kisicho na tangazo, na jamani, kijana akaanza kurudi nyuma. Wa nne. Wa tano.

"Hao watu wa matangazo wamelala?" Wamuyu akauliza.

Karai lilipotokea tena, sebule nzima ilipiga makofi. Wengine wakamwita bwana yule kwa upole, sugua baba, sugua vizuri, usiache upande wa ndani. Akasugua. Mbio zikarudi, na Kimutai alikuwa wa pili.

Mzee Kibii akasimama. "Mimi nimefundisha watoto kukimbia maisha yangu yote. Pesmeka, yule anayewekwa kuongoza mwendo, nikimwona namjua. Mnamwona mwanaume yule? Huyo ndiye pesmeka wetu. Anamvuta kijana mbele."

"Mwalimu, hiyo ni bahati tu," Jerop alisema. "Tangazo liko hapa kwetu. Kimutai halioni."

"Wewe kule Njoro unasomea nini?"

"Mambo ya udongo."

"Basi udongo ukiingia mbioni tutakuita."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameamini, na mtu akishaamini huwezi kumtoa hapo kwa maneno.

Ikafika kilomita ya mwisho. Kimutai na jamaa mmoja mrefu walikuwa wamebaki wawili, na yule mrefu alikuwa mbele hatua moja. Bwana wa sabuni hakuonekana. Watu wakaanza kumwita, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa kelele. Hakuja. Hapo Wamuyu akakumbuka.

"Mama Kimutai! Toka urudi! Ukirudi lazima aje!"

"Toka urudi!" sebule ikaitikia.

Rimoti ilikuwa mkononi mwa mama. Na msidhani yeye hakuwa ameamini. Aliamini kuwashinda wote. Aliona waziwazi kwamba akibonyeza, sabuni itakuja, na sabuni ikija mwanawe atashinda, na yeye atarudi kukuta ameshamaliza, amejifunga bendera. Atasimuliwa tena. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kutoka. Alimpenda mtoto wake, alitaka ashinde. Lakini woi, alitaka kumwona!

"Bonyeza, mama, unatuua!" Mzee Kibii akasema, akanyoosha mkono.

Mama Kimutai akaisukuma rimoti ndani ya nguo, kifuani, mahali ambapo mzee wa kanisa hawezi kutia mkono. Akapiga magoti mbele ya kioo.

Na akaona. Aliona mdomo wa mwanawe ukiwa wazi, aliona mkono wa kushoto ukitupwa nje vile vile marehemu babake alivyoutupa akitembea. Aliona wakikaribia utepe pamoja, bega kwa bega, na bega la yule mrefu likatangulia. Mama akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.

Alikipiga peke yake. Nyuma yake kulikuwa kumenyamaza kama matangani. Mzee Kibii aliivua saa shingoni, akaitia mfukoni.

"Namba mbili," alisema. "Namba mbili, na dawa ilikuwa mkononi mwako."

Watu wakaanza kuweka vikombe chini bila kumaliza chai. Wamuyu alikuwa ameshafika mlangoni simu ya Jerop ilipolia. Ni Kimutai, bado anahema. Jerop akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Mama, uliona?"

"Niliona."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ulishika magoti, ukatema mate, halafu ukageuka kutafuta mtu wa kumwegemea, ukakosa."



"Mwambie ukweli!" Wamuyu akapaza sauti.

Mama akamwambia, machozi yakimtoka. "Kulikuwa na tangazo la sabuni. Kila likija unapita watu. Mwishoni waliniambia niliite, nikakataa. Ningeliita ungeshinda, Kimutai. Namba mbili hiyo nimekupa mimi."

Kimutai akauliza, "La kwanza lilikuja wapi?"

"Baada tu ya daraja!" Mzee Kibii akajibu kabla ya mama.

"Eh," Kimutai alisema polepole. "Hapo baada ya daraja nilipata miguu mipya. Sijui ilitoka wapi."

Lo! Nyumba ilipasuka kwa kelele. Mzee Kibii akainua mikono yote miwili juu, Wamuyu akampiga Jerop kofi la mgongoni akimwuliza udongo unasemaje. Mama Kimutai akaketi sakafuni, akaufunika uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama. Hiyo sabuni usiiite hata siku moja, unasikia? Hata nikiwa wa mwisho." Akapenga kamasi, na kila mtu akamsikia. "Hebu niambie tena, pale nilipogeuka kutafuta mtu."