Kona ya Bungoma

Pale Tuwan, Kitale, hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwa Mzee Thuo akatoka bila kuonyeshwa ile kona. Hata chai ilikuwa haijamiminwa. Thuo alikushika mkono, akakupeleka kando ya kabati la vyombo, akanyoosha kidole sakafuni. Sebule nzima ilikuwa ya vigae vya rangi ya krimu, safi, vimepangika, isipokuwa kumi na viwili pale konani, vilivyokolea kama chai iliyozidi majani.

"Hapa uko Kitale," Thuo alisema. "Ukivuka huu mstari umeingia Bungoma, kwa hivyo toa kitambulisho!" Na kabla hujamaliza kucheka: "Nilimtuma mke wangu vigae, akaniletea kivuli cha vigae. Mtu wa Bungoma na rangi, wapi na wapi!"

Nabwile, mkewe, alicheka pamoja na wageni. Alimimina chai, akacheka, wala hakujibu neno. Miaka minne alicheka hivyo, mpaka kifua kilipomlaza mwaka wa elfu mbili na saba, asiinuke tena.

Tangu hapo Thuo alipiga deki mwenyewe kila Jumamosi asubuhi, vile vile alivyokuwa akifanya marehemu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha pili cha kukaushia. Usimwage dawa ya choo kwenye sakafu, Nabwile alizoea kusema, inakula ile simiti nyeupe ya katikati. Na alianzia konani kila mara, kwa hivyo Thuo naye alianzia konani. Alimkumbuka, jamani! Siku nyingine alisimama na kitambaa mkononi mpaka maji yakapoa.

Sasa, Agosti ya elfu mbili na tisa, ilibaki wiki moja kabla ya maombi ya kumkumbuka Nabwile. Watu wake walikuwa wanakuja kutoka Mabanga, kule Bungoma, wakiongozwa na kakake mkubwa, Jairus. Na ndipo Thuo, katika haraka ya kujipigia nguo pasi mwenyewe, akaponyokwa na pasi. Ilianguka konani, kigae kimoja kikapasuka katikati. Aliinama akakipapasa kama mtu anayempapasa mtoto aliyejigonga.

Binti yake, Mary Ann, aliyekuja kutoka Nakuru kusaidia matayarisho, aliona hapo ndipo pa kupenyea.

"Baba, si tung'oe hiyo kona yote? Siku hizi kuna vigae vinafanana kabisa na hivi. Wajomba wanakuja, na hicho ni kiraka tu."

"Kona haitaguswa," Thuo alisema. "Kitatolewa hicho kimoja. Mamako alikosea, mimi nikamsamehe. Msamaha wenyewe ndio huo hapo chini, unaukanyaga."

Na aliamini, maskini. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo kubwa.

Lazima nikwambie Thuo alikuwa mtu wa aina gani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi. Magunia ya nusu ya wilaya yalipita mbele ya kalamu yake, na hakuna mkulima aliyewahi kurudi kulalamika. Namba kwake zilikuwa kama sala. Alipoziandika alizipigia mistari miwili chini, kisha akazitazama mara ya pili.

Walipoamua kuweka vigae, mwaka wa elfu mbili na tatu, walizunguka maduka ya Kitale Jumamosi tatu. Ulikuwa wakati mtamu. Kabla ya hapo walikuwa na sakafu ya simiti nyekundu, ile ya kupakwa rangi ya nta na kusuguliwa kwa brashi mpaka magoti yanalia, na Nabwile alisema magoti yake yamestaafu. Duka la tatu alivua kiatu mbele ya watu, akamwaga maji ya chupa juu ya kigae, akakikanyaga kwa mguu mtupu, akajizungusha. "Hiki hakitelezi," alitangaza. Mwenye duka alivunjika mbavu. Thuo aliona haya, lakini aliona fahari zaidi.

Kisha akapima sebule mara mbili na kupiga hesabu. Fundi Wakoli, mtu wa Bungoma aliyefanyia kazi Kitale, alimwambia aongeze katoni moja, kwa sababu vingine hupasuka na vingine hukatwa pembeni. Thuo akakataa katakata. "Mimi ni mtu wa mizani, fundi. Namba ni namba."

Namba zikapungua kwa vigae kumi na viwili. Duka la Kitale lilikuwa limemaliza. Wakoli akaeleza kwamba vigae vya jina moja hutoka kiwandani na rangi tofauti kidogo kila vinapochomwa, ndiyo sababu katoni huandikwa namba ubavuni; tafuteni namba ile ile. Nabwile alikuwa anaenda Mabanga kumwona mamake, kwa hivyo Thuo alichana kipande cha kalenda, akamwandikia namba, akamwagiza apitie maduka ya Bungoma mjini.

Nabwile aliporudi na katoni yake, Wakoli aliviloweka vigae kwenye karai kama ilivyo desturi, akavipanga vikiwa vimelowa. Kigae kikilowa, nani atajua rangi yake? Asubuhi ya pili sakafu ilikuwa imekauka na kushika, na Thuo akaiona kona. Lo! Alimpigia mkewe kelele mbele ya fundi. "Namba si nilikuandikia? Hata kusoma namba tatu ni shida?" Nabwile alitazama sakafu, akaenda stoo, akakaa huko kidogo. Alipotoka alisema, "Basi, Baba Mary Ann, itabaki hivyo." Wiki iliyofuata hasira zilikuwa zimeisha, na mzaha wa Bungoma ukazaliwa.

Hayo yalikuwa yamepita. Sasa Wakoli alikuja tena, mvi zimemwingia, na tindo na nyundo yake ya mpira, akaking'oa kile kilichopasuka.

"Mzee, kulibaki vingine? Nakumbuka mama aliweka stoo."

Thuo akaenda stoo mwenyewe. Nyuma ya magunia alikuta katoni mbili zimebebana. Ya juu ilikuwa ile ya duka la Kitale, imejaa vitambaa vya kupigia deki vilivyokunjwa vizuri na mkono anaoujua. Ubavuni imeandikwa 641. Ya chini ilikuwa ya Bungoma. Aliigeuza kwenye mwanga. 614.

"Unaona!" alisema peke yake, karibu acheke. "Si nilisema? Alisoma vibaya, mama huyu."

Ndani mlikuwa na vigae vitatu, na chini ya vigae kipande cha kalenda kilichokunjwa mara nne. Akakikunjua. Mwandiko ulikuwa wake. Namba ilikuwa imepigiwa mistari miwili. 614.

Thuo aliketi juu ya gunia la mahindi. Alikisoma tena, na tena, kama kwamba namba ingeona aibu ibadilike. Miaka thelathini na mmoja! Na siku moja tu, kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, alizungusha namba mbili. Nabwile alikuja humu stoo asubuhi ile, akalinganisha karatasi na katoni, akajua. Kisha akatoka akasema basi.

"Mzee, umepata?" Wakoli aliita.

"Nimepata," Thuo alijibu, na karatasi ikaingia mfukoni.

Wakoli alikiweka kigae, akakigonga na sarafu asikie kama chini kuna uwazi, akasema kisikanyagwe mpaka kesho kutwa. Hakuna aliyejua, Thuo aliwaza, na hakuna ambaye angejua. Wiki nzima Thuo alitembea na kipande kile. Mara moja alikisogeza karibu na jiko, makaa yamewaka vizuri, akakitazama. Angewezaje kuchoma kitu ambacho Nabwile alikihifadhi? Lakini angewezaje pia kukisema mbele ya watu, yeye Thuo wa mizani? Alikirudisha mfukoni.

Jumamosi ikafika na watu wa Mabanga wakajaa nyumba. Pasta aliomba, wakaimba, wakala kuku na ugali, na vicheko vikaanza kurudi kama inavyokuwa mtu akishakumbukwa vizuri. Ndipo Jairus, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapiga makofi.

"Mulamwa!" Hivyo ndivyo alivyomwita shemeji yake siku zote. "Si utupeleke Bungoma? Kuna watoto hapa hawajafika."

Watu wakasimama wakicheka tayari. Thuo akaenda kando ya kabati.

"Hapa," alisema, "uko Kitale." Wakangoja. Mary Ann alikuwa anatabasamu mlangoni na sinia mkononi. "Hapa uko Kitale. Na huko..."

Akatoa kile kipande cha kalenda.

"Nabwile hakukosea," alisema. "Namba niliandika mimi. Niliandika vibaya, yeye akaleta nilichoandika. Nimemcheka mbele yenu miaka yote hiyo, na mwenye makosa ni mimi." Machozi yalimtoka, wala hakuyapangusa. "Nilikuwa nasema nimemsamehe. Mimi!"

Jairus hakushangaa.

"Mulamwa," alisema polepole, "hiyo tunajua."

"Mnajua?"

"Si mimi ndiye nilibeba hiyo katoni? Tulikuwa wawili dukani. Kulikuwa na marundo mawili, na mimi sakafu yako nilikuwa nimeiona. Nikamwambia, dada, hii imekolea, chukua ile ingine. Hata yeye aliona. Akaangalia karatasi yako, akaniambia, wacha, Thuo hakosei namba."

Thuo alishika ukingo wa kabati.

"Akajua baadaye akiwa hapa," Jairus aliendelea. "Akatuambia sisi wa nyumbani, na akasema atakayemwaga mtama asikanyage kwake. Nilimuuliza, kwani unamwogopa? Akasema hapana. Ati wewe kesho yake ulikuwa unaenda kupima magunia ya watu, na hakutaka uende mkono ukitetemeka."

Kwa hivyo vicheko vyote vile vya watu wa Mabanga, miaka yote, havikuwa vya kumcheka Nabwile. Thuo aliwatazama mmoja mmoja. Wengine waliinamisha macho. Shangazi mmoja mzee alikuwa anajizuia kucheka mpaka mabega yanaruka, na Thuo mwenyewe akajikuta amecheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, vyote vimemtoka pamoja.

Akavua viatu. Akasogea mpaka pale rangi zinapobadilika, na Jairus akatangulia akasimama upande wa pili, mkono ameunyoosha mbele.

"Kitambulisho," alisema.

Thuo akampa ile karatasi. Jairus akaisoma, akaikunja mara nne vile ilivyokuwa, akamrudishia.

"Pita, mulamwa."