Kuku Puani mwa Bentley

Nyasani aliishika ile picha kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyekuta unywele katika uji wa wenyewe. Akashusha miwani. Akaguna.

Guno hilo lilijulikana kutoka Suneka hadi Nyakoe. Mtu angemletea picha ya babu yake kando ya Rolls-Royce, Nyasani angeguna mara moja, na Rolls-Royce ikageuka papo hapo kuwa Morris ya karani wa posta. Lakini leo guno lilikuwa na utamu ndani yake.

"Ndilo lenyewe," alisema. "Bentley, bodi ya Hooper wa London. Tazama bawa la gurudumu la mbele linavyoteremka mlangoni hadi nyuma bila kukatika. Na gurudumu la nyuma limevikwa sketi. Kiwanda kilitoa chesisi, yaani fremu ya chini, na injini tu. Mwenye pesa akapeleka kwa fundi wake, akaundiwa mwili kwa mkono. Gari kama hili halikununuliwa, Ochoki. Lilishonwa kama suti."

"Na ni la marehemu baba," Ochoki akasema.

"Ndivyo ulivyoniambia."

Uani, vijana walikuwa wakisimika mahema ya mazishi ya kesho. Aliyekufa ni Nyangau, baba mdogo wa Ochoki, aliyeishi kwa kuchora vibao vya hoteli na maduka. Mjane wake, Kemuma, alikuwa amechagua picha ya kuwekwa juu ya jeneza: Nyangau kijana, mwembamba, amesimama kando ya gari. Ochoki alipoiona alivaa suti katikati ya wiki, akamleta mtaalamu.

"Mchora vibao atasimamaje mbele ya wakwe kando ya gari la baba yangu?" alinong'ona. "Mwambie mama mdogo aitoe. Wewe atakusikia."

Nyasani alikuwa na kila sababu ya kusikizwa. Maisha yalimzaba kofi shavu la kushoto, na alipogeuza la kulia yakampiga teke: duka lake la vipuri huko Keumbu lililiwa na mshirika, kisha mshirika akaliwa na shemeji. Kilichobaki ni simu na macho. Kwa hayo mawili akaingia katika kundi la mtandaoni la watambuzi wa magari ya kale ya Kiingereza, watu wanaoweza kugombana mwezi mzima juu ya kitasa. Kisha Ochoki akamletea picha ya baba yake, Mzee Onyiego, ameegemea Bentley ambayo hakuna aliyewahi kuiona barabarani. Puani, mahali pa herufi B yenye mabawa, nembo ya Bentley, palikuwa na sanamu ya kuku. Nyasani akaandika maelezo marefu: mlowezi mmoja, mwindaji wa ndege, aliagiza sanamu hiyo kwa fundi maalumu. Kundi likavua kofia. Tangu hapo likaitwa Gari la Kisii, na yeye akawa Bwana Nyasani, mtu wa kuulizwa.

Mzungu mmoja mzee aliuliza kwa upole mbona gari halina kivuli. Nyasani alimjibu kwa kejeli ya kumtoa mtu ngozi, kundi zima likacheka, na yule mzee akajiondoa bila kuaga.

Sasa alimwendea Kemuma, aliyeketi juu ya kigoda akiligeuza wimbi la uji wa wageni lililoanikwa juani juu ya turubai kuukuu.

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu. Umeletwa kuniambia nini?"

"Kuhusu picha. Mama, huku kwetu kila mtu ana picha ameegemea kitu cha mwenzake. Wengine wameegemea hata ndege!" Alicheka, kisha akangoja wenzake wacheke. Hakucheka mtu.

"Ile ndiyo picha pekee ya ujana wake," Kemuma alisema. "Nikiitoa, kesho watamzika mzee wa kukohoa ambaye mimi sikuolewa naye."

"Lakini gari si lake, mama mdogo," Ochoki akadakia. "Mtaalamu amethibitisha."

"Umemaliza kucheka, mtaalamu?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi cheka huku umeshika upande ule. Wimbi limekauka, na huyu anaogopea suti yake."

Waliinua lile turubai, wakalimimina wimbi kikapuni. Kemuma akalipindua turubai ili alikung'ute.

Nyasani aliona kwanza bawa. Liliteremka bila kukatika. Kisha gurudumu lenye sketi, kisha mng'aro wa nikeli uliopakwa kwa rangi nyeupe na kijivu kwa mkono usiotetemeka. Rangi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, na punje za wimbi zilikuwa zimenasa katika taa za mbele. Puani, kuku alikuwa ameinamisha kichwa kama anayekunywa maji.

"Lilikuwa ukutani kwenye studio ya picha kule mjini," Kemuma alisema. "Nyangau alilichora akiangalia gazeti la padri. Watu walipiga foleni. Hata Onyiego alikuja, na koti la kuazima."

"Na huyu... kuku?"

"Hapo gazeti lilikuwa limechanika. Akaniuliza, Kemuma, niweke nini? Nikamwambia weka yule wetu anayetaga."

Nyasani aliitazama tena picha mkononi. Chungu cha maua kilisitiri mahali kitambaa kilipokutana na sakafu. Katika maelezo yake alikiita bustani ya mlowezi. Akamkumbuka Onyiego, jinsi alivyojipinda kiuno akiegemea hewa. Nyasani aliandika kwamba huo ni ustaarabu wa mtu asiyetaka kuchafua rangi ya gari. Na Nyangau hapa hakuegemea kitu. Alisimama hatua moja mbele, mikono ameitenga na nguo zake, vidole vimepanuka. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Ochoki akageuka kuwatazama vijana wa mahema.

"Likunje," alisema. "Likunje, Nyasani, hakuna aliyeona. Baba yangu amekwisha kuheshimiwa na gari hili. Na wewe, wazungu wako watasemaje? Mtaalamu aliyetambua shuka?"

Nyasani alitafuta guno lake. Alilitafuta kifuani, akalitafuta kooni, halikuja. Kilichokuja ni yule mzee wa kivuli. Alijaribu kukumbuka jina lake na akashindwa, kwa maana siku ile hakuona haja ya kulisoma. Vicheko tu ndivyo alivyovikumbuka, vyote, hata mpangilio wake.

Alipangusa punje kwenye taa moja kwa mkono wa shati, polepole, kama mtu anayeliosha gari lake la kwanza.

"Mama, kuna kamba?"

Kemuma akafungua ile iliyofunga mdomo wa gunia.

Walilitundika turubai kati ya nguzo mbili za hema, pale jeneza litakapowekwa. Vijana wakaacha nyundo zao. Mmoja akapiga mluzi. "Aisee, si hili ndilo liko pichani sebuleni kwetu!" Mwingine akasema hata kwao. Ochoki akaanza kufungua vifungo vya koti, akavifunga tena.

"Picha ya Nyangau inabaki juu ya jeneza," Nyasani alimwambia. "Na kesho nitasema aliyelichora ni nani." Akamtilia simu mkononi. "Sasa nipige picha. Kuku aonekane. Hii inaenda kwa wazungu wangu leo."

"Watakuchuna ngozi."

"Watanichuna vizuri. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Akaenda kusimama mbele ya Bentley. Akaweka mkono kiunoni, akajipinda kama Mzee Onyiego, bwana mwenye gari lake. Upepo ukapita, na gari zima likatetemeka kutoka pua hadi mkia.

"Usiegemee sana, mwanangu," Kemuma alisema. "Hapo nyuma ni migomba tu."