Sentimita Sitini

Mkaguzi wa madaraja walimwita Bi Futi, maana futi kamba haikumtoka kiunoni hata siku ya harusi ya bintiye. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya meza ya meneja wa Wakala wa Barabara. Kiti kilikuwepo, ila mwili ulikataa kukaa.

"Kaa basi, mama."

"Nimekaa miaka ishirini na tisa, bosi. Sema."

Meneja akamsogezea fomu ya daraja la korongoni.

"Mkataba wetu na Wizara unataka tisini na tano kwa mia ya madaraja yawe mazuri. Tumekosa kwa daraja moja tu. Hili likitoka kwenye orodha, tumefika."

"Likitoka liende wapi?"

"Chochote kisichofika mita sita si daraja, ni kalavati. Na kalavati ni za Halmashauri."

"Hilo ni mita sita na arobaini. Nimelipima kwa mkono huu."

"Ulipima egemeo hadi egemeo, pale daraja linapokalia kuta. Pima ndani ya kuta, mama. Utapata tano na themanini."

Bi Futi akaanza kuzunguka chumba, dirishani, mlangoni, dirishani tena. Alikuwa na kumbukumbu ndefu, na ilikuwa inamwasha. Zamani ofisi hii ilikuwa Idara, ndani ya Wizara. Siku moja wakaja watu wenye tai, wakabandua kibao, wakabandika kingine: Wakala. Utajiendesha wenyewe, wakasema, mbio kama kampuni, na utawajibika kama serikali. Viti vikabaki vilevile, hata kile chenye mguu uliofungwa waya. Yeye akaombeshwa upya kazi yake mwenyewe, akapewa kitambulisho kipya na kuambiwa karibu, kama mgeni. Tangu hapo ameona mchezo uleule. Daraja likizinduliwa, Wakala ni chombo huru. Likipasuka, Wakala unasubiri maelekezo ya Wizara, na Wizara inasema mambo ya utendaji uulizwe Wakala. Mwananchi anapigwa danadana katikati.

Na la korongoni lilikuwa limepasuka. Kila ukaguzi alipiga mstari wa rangi kando ya ufa wa ukuta, akaandika tarehe. Tarehe ya kwanza ufa uliingia ukucha. Wiki iliyopita uliingia vidole vitatu. Mara nne ameandika *lifungwe*, na mara nne karatasi imepanda Wizarani ikarudi ikiomba maelezo zaidi. Na kila siku ya shule, saa saba mchana, binti yake wa pekee anapita pale na basi lenye watoto arobaini na wawili. Binti ndiye dereva.

"Mama, nisikilize," meneja alisema kwa upole. "Sisi kufunga barabara mpaka Wizara iridhie. Mhandisi wa Halmashauri haombi ruhusa kwa mtu. Akilipata leo, analifunga leo. Wewe unataka lifungwe, au unataka liitwe daraja?"

Hapo ndipo alipoteleza. Mwanamke aliyewatilia shaka watu wa tai miaka yote hiyo, akawaamini kwa dakika moja. Akaandika tano nukta themanini, akasaini.

Akatoka mbio hadi Halmashauri. Mhandisi alikuwa anachokonoa meno. Akafungua daftari nene.

"Hapa naona ni la Wakala."

"Tangu asubuhi si lao. Nimesaini mwenyewe."

"Hongera. Barua ya makabidhiano iko wapi?"

"Inakuja."

"Ikija itaingia kikaoni. Kikao ni mwezi ujao."

"Kaka, kuna watoto wanapita pale leo!"

"Dada yangu, nikifunga kitu kisicho changu, nimekipokea. Nikikipokea, nitakitengeneza kwa nini? Kwa mate?"

Bi Futi akampigia meneja palepale kwenye ngazi.

"Lifunge wewe!"

"Si letu tena, mama. Sahihi ni ya kwako."

Saa sita na robo. Akampigia binti; simu imezimwa. Dereva hashiki simu akiwa kazini, kanuni aliyomfundisha mwenyewe, tena kwa makofi. Akajitukana tusi ambalo asingependa mkwewe alisikie, akakata kona kuelekea stoo ya Wakala.

Nyuma ya stoo kulikuwa na mapipa sita ya kufungia barabara, rangi imebabuka, yameandikwa jina la Idara iliyokufa.

"Hayo hayamo kwenye orodha ya mali," alisema mtunza stoo. "Wakala hauyatambui."

"Basi siibi."

Mtunza stoo akacheka mpaka akakohoa, kisha akasaidia kuyapakia kwenye mkokoteni.

Saa saba kasoro dakika tano mapipa matatu yalikuwa upande huu wa korongo na matatu ng'ambo, yamejazwa mawe. Bi Futi alikuwa bado anahema basi lilipopiga honi.

"Mama! Umechanganyikiwa? Nani kaamuru?"

"Zungukia barabara ya juu."

"Dakika arobaini hizo! Wazazi watanitoa roho."

"Wakutoe wakiwa na watoto wao mkononi. Shuka uone."

Binti akashuka hadi chini ya ukuta, akapenyeza mkono kwenye ufa. Ukazama mpaka kwenye saa yake. Akautoa taratibu. Alipanda, akarudisha basi nyuma, akageuza, watoto wakishangilia kwa kuwa safari imerefuka.

Haukupita muda meneja akafika, na mhandisi nyuma yake.

"Toa mapipa, mama. Yatakuponza. Kesho nakuandikia barua."

"Andika. Ila mapipa yatoe wewe."

Meneja akashika pipa. Akaliachia. Wakala ukigusa mapipa, daraja ni la Wakala, na linarudi kwenye orodha. Akamtazama mhandisi, mhandisi akatia mikono yote miwili mifukoni. Meneja akapiga simu Wizarani, akasikiliza, akaitikia "ndiyo mheshimiwa" mara sita, akakata.

"Wanasema ni suala la utendaji."

"La nani?"

Wakaondoka, kila mmoja na gari lake.

Bi Futi akaandika tarehe mpya kando ya ufa, akaketi juu ya pipa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakukaa hata dakika. Ng'ambo lori la mchanga lilikuwa linanguruma, na dereva ameshashuka, anakunja mikono ya shati ayasogeze mapipa.

"Wee mama!" akapaza sauti. "Daraja la nani hili?"

Bi Futi akainuka.

"La kwangu," akajibu. "Geuza!"