Marehemu Ana Njaa

Asubuhi ya Ijumaa Rawhiya alipanda juu ya paa kuanika madonge ya unga kwenye visahani vya udongo, yaumuke kwa jua kama mkate wa kwao unavyotakiwa kuumuka. Alimkuta yangeyange amesimama kwa mguu mmoja katikati ya visahani. Mguu wa pili ndege ameukunja kifuani, na kwenye mguu huo ilining'inia ndoto aliyoiota Rawhiya alfajiri ile. Akamsogeza kwa kiwiko, maana mikono yote ilikuwa na unga, akaendelea kupanga.

Katika vijiji vya upande ule wa Akhmim, huko Misri, ndege wa namna hiyo si habari. Ndoto isiyofasiriwa hukaa mguuni mwa ndege, na ikifasiriwa huanguka pale pale, ikawa vile ilivyofasiriwa. Ndiyo maana watu hawazitangazi ovyo. Ndoto mbaya mtu huitemea mate kushotoni kwake, akageukia ubavu wa pili na kunyamaza. Ndoto njema humwambia anayempenda, au anayejua. Shangazi mmoja wa Rawhiya hakumpata hata mmoja wa kumwambia, na ndege wake alisimama juu ya kabati mpaka siku ya mazishi. Wajukuu walikuwa wakimtundikia nguo.

Rawhiya alikuwa amemwota baba yake, Haji Mitwalli, aliyekufa miaka kadhaa iliyopita. Mzee alisimama pekupeku shambani, kando ya mfereji, akasema, "Gabir, mpe dada yako haki yake." Hakusema kingine.

Gabir na Rawhiya walikuwa wawili tu kwa baba yao. Kitabu cha Mungu kilimpa Rawhiya theluthi ya shamba, na kijijini hakuna aliyewahi kukipinga Kitabu. Ila mwanamke wa pale hachukui ardhi, huletewa radhi. Kila Idi Gabir alimpa kitambaa cha nguo na gunia la ngano, akamwuliza mbele ya watu kama yu radhi, naye akajibu kwamba yu radhi. Mumewe alipofariki alirudi kukaa chumba cha juu nyumbani kwa kaka yake, na tangu hapo lile gunia likawa linatoka ghalani na kurudi ghalani. Rawhiya alichoka. Alitaka theluthi yake, ajenge vyumba viwili kando ya mfereji, afunge mlango ulio wake, na asiulizwe tena kama yu radhi.

Gabir akapanda ngazi kuangalia njiwa wake.

"Ndege wa nani huyu?"

"Wangu."

"Umeota nini?"

"Nitamwambia Sheikh Khalaf."

"Kwani mimi sikupendi, Rawhiya?"

"Unanipenda, kaka. Ila sheikh anajua."

"Haya. Mwenyewe anakuja kula kwangu baada ya swala. Mshushe huyo ndege wako, asije akaninyea mikate."

Hapo ndipo Rawhiya alipokosea. Kumkwepa kaka yake kulikuwa sawa. Lakini alimwendea mwenye elimu wakati mwenye elimu ameketi mbele ya bata wa kaka yake. Alimshusha yangeyange kwapani, akamsimamisha pembeni ya sinia, akaisimulia ndoto yote bila kuongeza wala kupunguza.

Sheikh Khalaf alikuwa mjuzi kweli, tusimwonee. Alijua kwamba maiti akisema jambo ndotoni ni la kweli, kwa kuwa yuko katika nyumba isiyo na uongo. Alijua pia kwamba maiti akija kuomba, mara nyingi anaomba atolewe sadaka, hasa ya chakula. Fasiri zote mbili zilikuwa kinywani mwake pamoja na nyama ya paja. Akamtazama Gabir. Gabir akamwongezea mchuzi.

"Marehemu ana njaa," akasema sheikh.

Yangeyange akashusha mguu. Akaukanyaga mkeka, akajinyoosha, akaruka, akatoka kupitia dirishani.

"Lakini sheikh, hakutaja chakula," akasema Rawhiya. "Alitaja haki yangu."

"Imekwisha kuanguka, binti yangu. Iliyoanguka haifasiriwi tena. Hebu nisogezee limau."

Baada ya alasiri Haji Mitwalli akaingia mlangoni na sanda yake, vumbi la makaburini likiwa miguuni, akauliza kama kimebaki chochote. Mke wa Gabir, Mama Hashim, akamnawisha mikono. Mzee akala bata aliyebaki, akala wali, akamaliza mikate yote. Katikati ya kula aliinua kichwa.

"Gabir, mpe dada yako—"

"Kula kwanza, baba," akasema Gabir, akamtia tonge mdomoni.

Mzee aliposhiba alisinzia, na kabla ya magharibi alirudi kwake makaburini. Kesho yake akaja tena, na kila siku baada ya hapo. Mara zote alianza maneno yale yale, na mara zote tonge likawahi. Watu walimsifu Gabir sana. Kina baba waliwaambia watoto wao wamtazame mtu anayemlisha mzazi hata baada ya kumzika. Sheikh Khalaf alimtaja kwenye hotuba. Mikate, hata hivyo, aliikanda Rawhiya, na kila alipoikanda roho ilimuuma, kwa kuwa alijua ndiyo inayoziba mdomo ule.

Siku ya Idi nyumba ilijaa wageni. Gabir alikwisha kutoa kitambaa na gunia, akawa yuko tayari kuuliza, mzee alipoingia na kuketi. Rawhiya akaiacha mikate juu ya paa. Akashika sinia la nyama kwa mikono miwili, akasimama nalo mbali na mkono wa Gabir.

Haji Mitwalli akasema yote, taratibu, mbele ya watu wote. "Gabir, mpe dada yako haki yake. Theluthi ile ya kando ya mfereji. Ni yake, na wewe unajua."

Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akasema marehemu anawakumbuka wanawe, Mungu amrehemu. Mwingine akasema sauti yake haijabadilika.

"Ni kweli, baba," akasema Gabir kwa upole. "Lakini ngano ya mkate wako ndiko inakotoka, kwenye theluthi ile. Tangu umeanza kuja sijauza hata punje. Nikimpa Rawhiya, atajenga nyumba. Sasa niambie mwenyewe. Nimpe?"

Nyumba nzima ikamsubiri. Mzee alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa yale yale aliyokuwa akimtazamia alipokuwa mdogo. Kisha akalitazama sinia. Alikuwa na njaa kweli, njaa isiyo na mwisho, kama alivyofasiriwa.

"Rawhiya, mwanangu," akasema, "mkate uko wapi?"

Rawhiya akaweka sinia mbele yake, akapanda kuufuata. Aliporudi, Gabir alimwuliza mbele ya watu kama yu radhi.